Alicheka, Nami Nikanyamaza

Asubuhi ile patroni, mwenye ofisi, alipoingia na karatasi yake, tulikuwa watu watatu ofisini. Kufika jioni tulibaki wawili, ukimhesabu na yeye mwenyewe.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, mjini Kolwezi, kusini mwa Kongo, na kazi yetu ilikuwa kuandaa makaratasi ya malori yanayobeba madini hadi mpakani Kasumbalesa. Lori lisilo na makaratasi halivuki. Lenye makaratasi yenye tarakimu moja iliyokosewa halivuki vilevile, linakaa pale mpaka dereva ajue majina ya wauza chai wote. Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa mzee wa Lubudi, Mluba wa kaskazini mwa Katanga, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi na mwandiko uliopendeza kuliko chapa. Nilimwita tata. Huku kwetu kila mwanamume aliyekuzidi umri ni tata, lakini yeye nilimwita hivyo kwa moyo.

Mwaka ule bei ya kobalti, madini yaliyobebwa na malori yetu, ilianguka. Hatukuhitaji redio kuelewa. Tuliona kwa malori. Foleni iliyokuwa ikifika hadi njia panda ikapungua, ikawa malori kumi, kisha manne, kisha siku nyingine hakuna. Patroni alikuwa mtu wa Lubumbashi, mkimya kwa kawaida ila mwenye hasira za ghafla. Alisimama katikati ya chumba akatuambia kwamba ofisi haiwezi tena kubeba makarani wawili. Nafasi moja angempa msaidizi wa mbali, mtu wa kufanya kazi kwa intaneti akiwa kwao Ufilipino. Rafiki yake mmoja anaye msaidizi wa aina hiyo na anamsifu sana.

"Tata, sasa utapumuzika," akamwambia mzee. "Umetumika miaka mingi."

"Mi sikuombaka kupumuzika," mzee akajibu.

Alifuta kalamu zake kwa kitambaa, akazitia mfukoni moja moja, akanipa mkono. "Ubakie muzuri, mama," aliniambia. Juma lililofuata nilisikia kwamba amepanda gari moshi kurudi Lubudi, kulima mahindi katika shamba la kaka yake, akiwa na miwani yake ile.

Patroni alipobaki nami peke yangu, alinipa karatasi aliyokuwa ameitoa kwenye intaneti, ya Kifaransa, kurasa mbili. Ilikuwa inaeleza namna ya kufanya kazi na Wafilipino. Usipaze sauti mbele yao. Usimkosoe mtu wenzake wakisikia. Wanaona haya upesi, na wakiona haya hucheka. Neno lao la ndiyo si ndiyo kila mara. Wanapenda familia, kanisa na kuimba. Uliza habari za mama zao kabla ya kuuliza habari za kazi.

"Uisome," akasema. "Hawa batu habasemake hapana. Lazima ubajue."

Niliisoma pale pale. Nilikuwa nimewahi kusikia orodha kama ile.

Mimi ni Mkasai, mtu wa asili ya jimbo la Kasai, mbali na hapa. Babu yangu ndiye aliyeletwa Kolwezi kufanya kazi mgodini. Baba yangu alizaliwa hapa, nami nilizaliwa hapa. Nilipokuwa na miaka tisa wenyeji wa Katanga walikuwa na orodha yao juu yetu. Wakasai wanapendana wenyewe kwa wenyewe. Wakasai wamejaza maofisi. Mpe Mkasai kiti, atakuja kukaa na ukoo mzima. Kisha orodha ikafupishwa ikawa neno moja, bilulu, yaani wadudu, na siku moja neno hilo likaja mlangoni kwetu likiwa na mapanga. Tulilala majuma mengi kwenye uwanja wa stesheni, maelfu ya watu, tukingoja treni ya kutupeleka walikosema ni kwetu. Mdogo wangu wa kike alikufa pale kwa kuhara, akazikwa nyuma ya reli. Baba alifika Kasai, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Alikuwa fundi wa mashine. Aliishi miezi michache akiuliza majirani namna ya kupanda mihogo, halafu naye akafa. Mjomba wangu aliyekuwa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, Zambia, alinichukua akanisomesha, na huko nikajifunza Kiingereza. Kiingereza hicho ndicho kilichonirudisha Kolwezi miaka mingi baadaye, makampuni ya kigeni yalipofungua migodi upya na kutafuta watu wa kuwasomea makaratasi ya Kiingereza. Mama naye alirudi. Alinunua nyumba ndogo Kasulo, mtaa mmoja wa Kolwezi.

Kwa hiyo nilijua maana ya kuelezwa na watu kwenye karatasi kabla hujafungua mdomo. Ningeweza kuichana ile ya patroni. Niliikunja vizuri nikaitia kwenye droo, maana niliitaka kazi.

Msaidizi mwenyewe nilimwona kesho yake kwenye kompyuta. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, wa Iloilo, mji wa visiwani, ameketi mbele ya pazia la maua, na mahali fulani nyuma ya pazia jogoo alikuwa akiwika ingawa kwao ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimeshaamua kumchukia. Alikuwa amekalia kiti cha mzee wangu, hata kama kiti chenyewe kilikuwa bado hapa, kitupu, pembeni mwangu.

Neno lake la kwanza baada ya salamu za Kiingereza lilikuwa swali.

"Nikuite nani? Wewe umenizidi umri. Siwezi kukuita jina tupu."

"Kwenu mnasemaje?"

"Manang. Dada mkubwa."

"Sisi huku tunasema yaya."

Alicheka, akafunika mdomo kwa mkono. Nikamuuliza kinachomchekesha. Akasita, kisha akaeleza kwamba kwao yaya ni mtumishi anayelea watoto wa watu. Mama yake ni yaya huko Kuwait, tangu yeye alipokuwa na miaka saba. Sasa analea mtoto wa tatu wa nyumba ileile. Amewalea hadi wakubwa wamekwenda chuo. Mwaka ule mkataba wake ulikuwa unakwisha, na Krismasi angerudi nyumbani moja kwa moja.

"Basi siwezi kukuita hivyo," alisema.

Nikawa Manang.

Majuma ya mwanzo yalikuwa mabaya. Nilimpa mafaili nikamwambia yawe tayari kabla ya saa sita. Akajibu, "Ndiyo, Manang, nitajaribu." Saa sita ikafika, hayakuwa tayari. Nikampigia, nikamuuliza kwa sauti kali kwa nini hakusema mapema kwamba ni mengi. Akatabasamu. Nikaona ananidharau. Nikampa mengine, akasema atajaribu, tukarudia yaleyale. Siku ya tatu nilimwambia patroni kwamba huyu mtu ni mwongo, na patroni akaniuliza kama nimeisoma karatasi.

Niliitoa kwenye droo nikaisoma tena, kwa uchungu, kama mtu anayekunywa dawa ya adui yake. Halafu nikaanza kusikiliza badala ya kusoma, na hapo ndipo mambo yalipoanza kufunguka. "Nitajaribu" kwake ilikuwa haiwezekani. Akinyamaza baada ya swali, hakubaliani. Akisema "labda ni mimi sielewi," basi mimi ndiye niliyekosea. Akicheka pasipo na kichekesho, ameumia. Nikawa na kamusi yangu kichwani, na kadiri ilivyokua ndivyo nilivyoona kwamba si ngeni. Mama yangu mwenyewe, mgeni akiomba kitu asichotaka kutoa, husema "tutaona," na mgeni anaondoka akiwa ameshaelewa. Siku moja msichana yule alitaka kunionyesha mstari kwenye faili lililokuwa kwenye meza yake, akaunyooshea midomo, kama tunavyofanya sisi tukiwa tumeshika vitu mikononi. Alisahau kwamba siwezi kuona meza yake. Nilicheka mpaka patroni akageuka.

Kila asubuhi aliniuliza kama nimekula. Mwanzoni nilidhani ni udadisi, nikamjibu kwa mkato. Baadaye nikawa nasubiri aniulize. Nilimwambia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo na samaki mkavu wa chumvi. Naye akaniambia wali na samaki mkavu wa chumvi. Tulibishana siku nzima, katikati ya namba za malori, juu ya kama samaki huyo akaangwe au achemshwe kwanza ili chumvi itoke. Yeye alishikilia akaangwe hivyohivyo.

Halafu kwao kukaja tufani. Umeme ulikatika mji mzima na kwa siku mbili hakuonekana. Patroni alitaka kujua kama msaidizi anafanya kazi au analala. Nilimwambia anafanya kazi, nikayajaza mafaili yake yote mwenyewe na kuyatuma kwa jina lake. Siku ya tatu alitokea, nywele zimelowa, akiwa kwenye duka la binamu yake lenye jenereta, na bati la paa la jirani limeangukia kisima chao. Nilimweleza kwa kifupi nilichofanya ili asijikanyage mbele ya patroni.

"Sitasahau hilo, Manang," alisema.

Nilimwambia si kitu. Kwangu kweli halikuwa kitu. Sikujua kwamba kwao jambo kama hilo mtu hulibeba mpaka alirudishe.

Wakati huohuo, huko Kasulo, mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Anayeijua Kasulo anajua kwamba watu pale walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe: chini ya vitanda, jikoni, uani. Mama yangu hakuchimba. Alisema amelala vya kutosha juu ya ardhi isiyo yake, hataki kulala juu ya shimo. Lakini walipokuja watu wenye makopo ya rangi nyekundu na kuandika namba kwenye kuta, hawakuuliza nani amechimba na nani hakuchimba. Sehemu ile ya mtaa ilikuwa imetolewa kwa kampuni, na wote waliokuwa ndani ya mstari walitakiwa waondoke. Waliahidiwa viwanja vingine nje ya mji.

Nilipofika kwake jioni ya siku ile, mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki anaitazama namba yake ukutani. Rangi ilikuwa imechuruzika.

"Beko natufukuza tena," alisema.

"Safari hii watakupa kiwanja, mama."

"Mara ya kwanza balisemaka muende kwenu. Leo habaseme hata vile."

Nilimwambia nitachukua siku moja ya ruhusa nije kumhamisha.

Siku niliyopata ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa malori matano ya mteja wetu mkubwa, karibu mteja pekee aliyebaki, yalipaswa kuondoka. Nikayaandaa makaratasi Jumatano nikiwa na simu ya mama sikioni: kabati halitoki mlangoni, avunje mlango au avunje kabati? Mle ndani, kwenye ukurasa wa tatu, niliandika namba ya cheti cha shehena ya mgodi wa Mutoshi, na shehena ile haikutoka Mutoshi. Nilikuwa nimenakili kutoka faili la juma lililopita. Kosa la mtoto wa shule. Mzee wa Lubudi angeliona akiwa mlangoni.

Alhamisi, nikiwa nimesimama Kasulo kwenye vumbi kando ya mkokoteni wenye godoro na masufuria ya mama, simu ilitetemeka. Msaidizi alikuwa ameniandikia:

"Manang, samahani kukusumbua siku kama ya leo. Ukipata nafasi, pengine ungependa kuutazama ukurasa wa tatu."

Wabeba mizigo walikuwa wanabishana na mama kuhusu kabati. Ukuta wa nyumba ya jirani ulikuwa tayari unabomolewa, na kila tofali lilipoanguka mama alikunja mabega. Nusu saa baadaye akaandika tena:

"Manang, labda ni mimi sielewi. Ukurasa wa tatu."

Nataka niseme ukweli hapa, kwa kuwa siku iliyotakiwa sikuusema. Nilielewa. Kamusi ilikuwa kichwani mwangu na neno lile nilikuwa nalijua kuliko maneno yote. Labda ni mimi sielewi: umekosea. Nililisoma, nikalielewa, na hasira ikanipanda. Nilijiambia kwamba mtu anayetaka kusema nimekosea aseme nimekosea, sina muda wa adabu za visiwani leo, mimi ninahamisha mama yangu kwa mara ya pili katika maisha yake. Ujumbe wa tatu ukaja:

"Nitume kama yalivyo, Manang?"

"Tuma kama yalivyo," nikaandika, nikaitia simu mfukoni.

Malori yalisimamishwa mpakani. Maofisa walishuku kwamba madini yametoka mahali pasiporuhusiwa, wakazuia msafara wote, na madereva wakalala chini ya malori yao siku tisa. Mteja aliichukua shehena yake akaipeleka kwa ofisi nyingine. Siku ya kumi alimtuma mjumbe wake kwetu, mtu mwembamba mwenye mkoba, akae na kusikiliza maelezo. Patroni akamwita na msaidizi kwenye kompyuta. Tukawa watu watatu chumbani, na yeye kwenye kioo, na pazia la maua.

Patroni alipaza sauti tangu mwanzo. Aliipiga meza kwa ukurasa wa tatu.

"Nani aliandika namba hii? Mi nauliza, nani?"

Nilitazama meza. Niliona kalamu, kikombe, alama ya maji ya kikombe. Nilifikiria kiwanja cha mama ambacho hakijawa hata na paa. Nikasema:

"Makaratasi yalitumwa na msaidizi."

Kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli. Nimeigeuza kichwani mara nyingi tangu siku ile, na sijapata neno moja la uongo ndani yake.

Patroni akageukia kompyuta, akarudia swali kwa Kiingereza chake kibaya, kwa sauti ileile, mbele ya mjumbe. Msichana akacheka, kicheko kidogo, akafunika mdomo.

"Anacheka," patroni akamwambia mjumbe. "Unaona? Anacheka."

Mjumbe akatikisa kichwa na kufunga mkoba wake. Karatasi ya kueleza kile kicheko ilikuwa sentimita chache kutoka kwenye goti langu, ndani ya droo, na patroni mwenyewe ndiye aliyeileta. Lakini hata bila karatasi, mimi nilijua. Katika chumba kile nilikuwa mtu pekee aliyejua kinachotokea usoni mwa yule msichana.

"Ni kosa langu, bwana," alisema. "Samahani sana. Ni kosa langu."

Hakunitazama. Angeweza kuzisoma zile jumbe tatu kwa sauti, na jibu langu. Alizikalia. Kabla ya saa sita patroni alikuwa amemfungia milango yote ya kazi yetu, na jina lake likageuka kijivu kwenye orodha.

Jioni nilikwenda kwa mama. Kiwanja chake kipya kilikuwa nje ya mji, kwenye uwanda mwekundu usio na mti, ambako kila mtu alikuwa amesimamisha maturubai na kungoja mabati. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Nilikaa juu ya gunia la makaa nikamweleza yote, bila kuficha, hata ile "tuma kama yalivyo."

"Na we ulisema nini?" aliniuliza.

"Nilinyamaza, mama."

Aliendelea kusugua. Kisha akanikumbusha jirani yetu wa zamani, mwanamke tuliyekuwa tukigawana naye chumvi na moto, ambaye siku ya mapanga alisimama kwenye uzio wake mikono kifuani, akatazama vitu vyetu vikitolewa nje, hakusema neno. Nilimkumbuka vizuri. Nilikuwa nimemchukia miaka zaidi ya ishirini, zaidi ya wale wenye mapanga, ambao sura zao nimezisahau.

"Naye alikuwaka na batoto," mama alisema. "Mi nilishamwachilia zamani."

Alisema kwa upole, labda akidhani ananifariji. Nilitamani angenipiga kwa lile sufuria.

Nilikaa majuma mawili kabla ya kumwambia patroni. Nilimkuta anapanga mafaili kwenye maboksi. Nilimwonyesha jumbe zote kwenye simu. Alizisoma, akanirudishia simu, akaendelea kupanga.

"Mama, ile dosie ilishafungwaka," alisema, akilipiga faili la mteja kwa kiganja. "Kliya alishaenda. Hata kama angebaki, bei iko chini. Mi nafunga hii biro yetu mwisho wa mwezi."

"Lakini yule msichana…"

"Atapata kazi. Bale batu bako wengi, na kazi yao iko nyingi."

Hata hivyo alikubali kusaini barua ya sifa niliyoiandika mwenyewe, inayosema kwamba kosa halikuwa lake. Na rafiki yake wa Lubumbashi, yule aliyemsifia wasaidizi wa Kifilipino, alikuwa anatafuta mtu wa makaratasi ya mpakani. Nilimweleza habari zote, akasema mlete, nitampa nafasi. Kwa hiyo nilipomwandikia msichana nilikuwa na barua na kazi mkononi. Niliandika ungamo langu kwanza, kisha kazi. Niliandika kwa Kiingereza cha Kitwe, bila mapambo. Nilimwambia nilielewa ujumbe wake wa pili nilipousoma. Nilitaka ajue hilo hasa.

Jibu lilichukua siku nne. Lilikuwa fupi.

"Manang, asante kwa barua. Hapana, sitaichukua kazi. Nilijua namba ni yako, na nilijua umenielewa, kwa sababu ulikuwa umeshajifunza kunisoma. Siku ya tufani ulinifunika. Nami nimekufunika. Mama hatarudi Krismasi, ameongeza mkataba miaka miwili. Tafadhali usiniandikie tena."

Nilitafuta katika kamusi yangu maana ya pili ya maneno hayo. Haikuwepo. Aliniandikia kama mtu anayemwandikia mgeni, kwa ndiyo na hapana zilizonyooka, na nilitambua kwamba ule upole wote wa nyuma, zile labda na pengine na nitajaribu, vilikuwa zawadi ambayo hutolewa kwa watu wa nyumbani. Sikumwandikia tena. Hilo moja nililitimiza.

Ofisi ilifungwa. Siku hizi ninafundisha Kiingereza cha barabarani kwa madereva, mchana, katika chumba cha parokia: mizani, forodha, uzito, tairi limepasuka. Wananiheshimu, wananiita mama. Juzi mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba makampuni sasa yanachukua makarani wa Ufilipino, na hao watu wakoje. Nilimwambia simjui hata mmoja, tuendelee na somo.

Mama amepata mabati yake na ukuta wa upande mmoja. Majirani wameshapanda: mahindi, matembele, mmoja hata mpapai. Yeye kiwanja chake ni kitupu, kimefagiliwa kila asubuhi mpaka kinang'aa. Mwanzoni mwa mvua nilimpelekea mbegu za lengalenga, mboga anayoipenda kuliko zote, nikajitolea kumlimia mimi. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akazifunga kwenye kitambaa pamoja na kitambulisho chake na picha ya baba, kwenye kile kifurushi chake cha safari anachokiweka karibu na mlango. Mvua zinakaribia kwisha. Sijamuuliza atapanda lini.